Sahani ya Shilingi 5

Jijini Nairobi sarafu ya shilingi 5 haina tena heshima kubwa. Andazi la kibandani limeshaipita bei, nauli ya matatu haianzii hapo hata kwa safari ya kituo kimoja, na mwenye duka akikosa chenji humpa mteja peremende yakaisha. Lakini kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma jijini humo, sarafu hiyo hiyo ndiyo bei ya chakula cha mchana: wali kwa ndengu au kwa maharagwe, siku nyingine githeri ya mahindi na maharagwe, cha moto na cha kushibisha.

Mtoto mwenyewe hashiki pesa. Mkononi amevaa bangili ya plastiki yenye chipu ndani, ambayo mzazi huijaza salio kwa M-Pesa kama anavyonunua tokeni za umeme. Zamu yake ikifika anaigusisha kwenye kifaa, salio linakatwa, anapakuliwa, anaenda zake. Yote hayo ni sekunde chache. Mhasibu anaufurahia utaratibu huo kwa sababu kila sahani iliyotoka ina kumbukumbu yake. Kwa mtoto kuna faida nyingine isiyoonekana katika hesabu yoyote: bangili zote zinafanana. Aliyelipiwa na mama yake na aliyelipiwa na msamaria wanapanga foleni moja, na aliye nyuma yao hana njia ya kujua yupi ni yupi. Waliosoma katika shule ambako majina ya wasiolipia chakula yalisomwa gwaride la asubuhi wanajua uzito wa jambo hilo.

Mfumo huo, uitwao Tap2Eat, ni wa shirika la Food4Education, lililoanzishwa mwaka 2012 na Wawira Njiru, aliyekulia Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Wakati huo alikuwa akisomea lishe nchini Australia. Aliandaa karamu ya vyakula vya Kikenya huko ugenini, akawatoza wageni kiingilio, na mapato yake akayaleta nyumbani kuanzisha jiko dogo la kulisha watoto 25. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa nchini Kenya ulimtangaza kuwa mtu wake wa mwaka. Vyombo vya habari vinapenda kuisimulia safari hiyo kama hadithi ya msichana na ndoto yake, na ni hadithi nzuri, ila inayaficha masufuria, nayo ndiyo yenye mengi ya kufundisha.

Kila shule kujipikia ni ghali kuliko inavyoonekana. Mpishi lazima alipwe, kuni zinunuliwe au ziletwe na watoto wenyewe, maji yachotwe, na gunia la maharagwe linunuliwe kwa bei ya rejareja na mwalimu ambaye kazi yake haikuwa kununua maharagwe. Shule 20 zikifanya hivyo, gharama hizo zinarudiwa mara 20. Jiko kuu moja likipikia shule zote 20, mchele unanunuliwa kwa tani, masufuria makubwa yanachemshwa kwa mvuke, na chakula kinafungwa katika vyombo vinavyotunza joto na kupakiwa kwenye magari asubuhi ili kengele ya mchana ikigonga kiwe kimeshafika. Kwa njia hiyo sahani moja imeshuka hadi takriban shilingi 30. Ni hesabu inayofaa mjini, mahali penye shule nyingi karibu karibu na barabara inayopitika.

Juni 2023 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliingia katika hesabu hiyo. Gavana Johnson Sakaja, pamoja na Rais William Ruto, walizindua ujenzi wa majiko ya mpango uliopewa jina la Dishi na County, na ilipofika muhula wa tatu wa mwaka huo chakula kilikuwa kikipelekwa shuleni. Mzazi hutoa shilingi 5, na zinazobaki hulipwa na kaunti pamoja na shirika. Kufikia mwaka 2025 kaunti ilikuwa ikitaja majiko 17 na zaidi ya wanafunzi 300,000 kila siku ya masomo. Yamekuwepo maneno, kama ilivyo desturi ya Nairobi: kwamba gavana anajijengea kura, kwamba Katiba ya 2010 imezipa kaunti elimu ya chekechea na kuiacha shule ya msingi kwa serikali kuu, kwamba fedha hizo zingechimba mitaro. Hoja ya Katiba ni nzito na inastahili majibu ya wanasheria. Ila Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na katika Kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Mtoto mwenye njaa saa saba mchana hatauliza ni ngazi gani ya serikali iliyotuma gari.

Kwamba watoto wanakula leo, hilo halina ubishi. Wakenya wenye umri wa kutosha wana swali jingine, la kwamba chakula hicho kitadumu hadi lini, nalo wanalo kwa sababu wamewahi kupokea kitu shuleni kikakoma.

Mwaka 1979, muda mfupi baada ya kuingia madarakani, Rais Daniel arap Moi alianzisha mpango wa maziwa ya bure kwa shule za msingi. Kizazi kizima kinayakumbuka kwa jina moja: Maziwa ya Nyayo. Yalikuja katika pakiti za pembe tatu, mililita 200 kila moja, na siku ya maziwa utoro ulipungua bila mwalimu kuinua kiboko. Kwa watoto wa vijiji visivyo na ng'ombe, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunywa maziwa yasiyochanganywa na chai. Mpango ulikwenda vizuri kwa miaka kadhaa. Halafu fedha za serikali zikabana, kampuni ya maziwa ya KCC ikaanza kuyumba, usafirishaji ukawa wa kubahatisha, na kabla ya miaka ya 1990 kumalizika pakiti zilikuwa zimekoma kufika. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa kuwa hakuna iliyowahi kuandikwa. Maziwa yalikuwa zawadi ya rais, na zawadi ikikoma mpokeaji hana pa kwenda kudai.

Historia ya chakula cha shule nchini Kenya karibu yote ina umbo hilo. Mwanzo una ngoma na vigelegele, mwisho hauna hata tarehe.

Njaa ya mtoto wa shule si ya aina moja, na ni vyema kuitenganisha kabla ya kudai kwamba sahani ya wali inaitibu. Ipo ile ya muda mrefu, inayoanza tumboni mwa mama na kuacha alama mwilini. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uligundua kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 26, kwa hiyo hatua imepigwa. Tanzania, katika utafiti wake wa mwaka 2022, ilikuwa na asilimia 30. Watoto hawa wanapofika darasa la kwanza, sehemu kubwa ya madhara imeshatokea, na chakula cha shule hakiwezi kuirudisha miaka ile.

Njaa ya pili ni ya asubuhi hiyo hiyo. Mtoto ametoka nyumbani saa kumi na mbili na chai ya rangi tumboni, ama bila chochote, baada ya chakula cha jioni kilichokuwa kidogo. Ametembea. Saa tatu bado ana nguvu. Ikifika saa tano mwalimu anaona macho yanavyolegea, kichwa kinavyoegemea dawati, na swali linavyorudiwa mara tatu. Hapo sahani ina kazi ya kufanya, na ina ushahidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachumi Christel Vermeersch na Michael Kremer walifuatilia shule za chekechea 50 katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Kwa kura, shule 25 zilipewa uji wa asubuhi na 25 hazikupewa. Katika shule za uji mahudhurio yalikuwa juu kwa karibu theluthi moja. Watoto walifuata chakula, kama ambavyo mama yeyote wa Busia angebashiri bila kulipwa mshahara wa mtafiti.

Matokeo mengine ya utafiti huo hayatajwi sana kwenye hafla za kuzindua majiko. Alama za mitihani zilipanda tu pale ambapo mwalimu alikuwa tayari ana uzoefu kabla ya uji kuja. Kupika, kugawa na kunywa kulimega muda wa kufundisha. Madarasa yalifurika. Utoro wa walimu, uliokuwa wa kiwango cha kutisha cha asilimia 30, haukupungua. Shule zenye uji zilipandisha ada kwa sababu sasa zilikuwa na wateja, na za jirani zisizo na uji zikashusha ada ili zisikimbiwe. Ni taswira ya kweli ya namna chakula kinavyofanya kazi mahali penye umaskini: kinamleta mtoto hadi mlangoni, na baada ya hapo anategemea atakayemkuta ndani. Kremer baadaye, mwaka 2019, alikuwa miongoni mwa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa majaribio ya aina hii.

Miaka michache kabla ya utafiti wa Busia, huko Embu, chini ya mteremko wa Mlima Kenya, swali lilikuwa jingine: watoto walishwe nini? Timu iliyoongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi, iligawa shule 12 katika makundi manne. Kundi moja lilipewa githeri yenye nyama ya kusaga, jingine githeri na glasi ya maziwa, la tatu githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula shuleni. Wapishi walihakikisha nguvu ya chakula katika makundi matatu ya kwanza inalingana, ili tofauti ikionekana ijulikane imetoka wapi.

Tofauti ilionekana. Watoto wa githeri ya nyama waliwapita wenzao katika majaribio ya kufikiri, yale ya kutazama michoro na kutafuta kipande kinachokosekana. Waliongoza pia uwanjani: walicheza kwa nguvu zaidi, na mara nyingi zaidi wao ndio walioanzisha michezo. Maziwa yaliwasaidia kukua kimo wale waliokuwa wafupi kwa umri wao, na yote mawili, nyama na maziwa, yaliongeza vitamini B12, ambayo mahindi na maharagwe hayana kabisa. Mafuta yalijaza tumbo na kuongeza nguvu, lakini hayakuleta mabadiliko ya kulingana na ya nyama.

Embu inasumbua, kwa sababu nyama ni ghali. Mpango wa kitaifa unaolisha mamilioni hauwezi kununua ng'ombe, na huko katika kaunti kame, ambako ng'ombe na mbuzi ndio mali, ndiko chakula cha msaada kilikokuwa mahindi yaliyosafirishwa kutoka mbali. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kulisha shule za Kenya mwaka 1980. Mgao wake wa kawaida kwa mtoto ulikuwa gramu 150 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Kwa mtoto wa Turkana au Wajir sahani hiyo ilikuwa tofauti kati ya kuingia darasani na kubaki malishoni na mifugo, na haipaswi kubezwa. Ila ilikuwa sahani ile ile, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kuchukua mzigo huo, ikipokea wanafunzi wapatao 540,000 kutoka WFP katika mpango uliolenga kununua chakula hapa hapa nchini. Badala ya magunia, shule ilitumiwa fedha kwenye akaunti. Kamati ya shule, yenye wazazi na walimu, ilitangaza zabuni na kununua kwa wafanyabiashara na wakulima wa karibu. Mwaka 2018 WFP ilikabidhi shule zilizobaki, na tangu hapo mpango umekuwa wa serikali kwa jina na kwa mkoba.

Wazo lenyewe ni zuri: mkulima wa Kitui apate soko, mtoto wa Kitui apate chakula. Tatizo lilikuwa kalenda. Mahindi huwa rahisi baada ya mavuno, kuelekea mwisho wa mwaka na Januari, na hupanda kadiri maghala yanavyokauka hadi katikati ya mwaka. Shule iliyopata fedha zake Januari ilinunua na kuweka. Iliyozipata Juni ilikuta gunia limepanda, ikanunua pungufu, na chakula kilichopangwa kwa muhula kikaisha kabla ya muhula. Fedha zilizochelewa miezi mitano huko Nairobi, ambako mtu aliona ni suala la karatasi, zilikuwa wiki kadhaa bila moshi jikoni huko Garissa. Mwalimu mkuu ndiye aliyekabiliana na wazazi.

Nyuma ya mahindi kuna mambo ambayo bajeti haiyaoni. Mahindi makavu na maharagwe vinahitaji saa nyingi motoni, na moto unahitaji kuni. Katika shule nyingi za kame mtoto huja na kijiti cha kuni na mtungi wa maji pamoja na daftari. Mpishi mara nyingi ni mama wa kijijini anayelipwa kidogo na wazazi wenzake, ama halipwi. Ghala likivuja, nafaka inaota ukungu, na Kenya inajua ukungu unaweza kufanya nini: mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Kila mpango unaohifadhi mahindi shuleni unaishi na kumbukumbu hiyo, ama unapaswa kuishi nayo.

Halafu ukaja ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini na mashariki mwa nchi. Mifugo ilikufa kwa mamilioni, familia zikahama kutafuta malisho, na shule zilizokuwa na chakula zikajikuta zikipokea watoto kutoka shule zisizo nacho. Kabla ya hapo, Machi 2020, shule zote zilifungwa kwa korona, na kwa watoto wengi kufungwa kwa darasa kulikuwa pia kufungwa kwa jiko. Mwaka 2025 fedha za wafadhili, hasa za Marekani, zilipopunguzwa, mgao wa chakula wa wakimbizi wa Kakuma na Dadaab ulikatwa hadi chini ya theluthi moja ya mahitaji. Shule za kambini zimejaa watoto waliozaliwa humo humo na wasio na shamba la kurudi.

Kusini mwa mpaka njia iliyofuatwa ni nyingine. Tanzania ilirithi fikra ya Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Julius Nyerere ya mwaka 1967, ambayo ilitaka shule iwe na shamba na wanafunzi wajue jembe. Mashamba ya shule yapo hadi leo, mengine yenye tija na mengine ya kuonyesha wageni. Chakula cha mchana katika shule za kutwa kimekuwa zaidi mzigo wa wazazi: kijiji kinakutana, kinakubaliana kila kaya itoe kiasi gani cha mahindi na maharagwe na fedha ya mpishi, na kamati ya shule inakusanya.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, chini ya Rais John Magufuli, makubaliano hayo yaliingia doa. Waraka wa serikali ulieleza kwamba chakula cha wanafunzi wa kutwa kinabaki kuwa jukumu la mzazi, lakini neno la mtaani lilikuwa fupi kuliko waraka: elimu ni bure. Wazazi wengi waliacha kutoa. Walimu wakuu, waliokuwa wameonywa wasitoze michango holela, waliogopa hata kuitisha kikao cha kujadili makande. Kwa miaka kadhaa zipo shule zilizokuwa na sufuria, jiko na shamba, na watoto wakashinda njaa. Mwaka 2020 ukatoka mwongozo wa kitaifa wa huduma ya chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, uliorudisha utaratibu na kueleza nani anafanya nini. Mikoa yenye mazao na mshikamano wa wazazi ilisimama haraka. Kwenye ukame, na mijini ambako mzazi hana shamba, mambo yalikwenda pole pole.

Mpango wa kuchangia una mwiba wake, na wenyeji wanaujua. Mzazi asiyetoa ndiye mara nyingi asiye na kitu, na mtoto wake ndiye mwenye njaa zaidi. Shule ikimnyima, imemwadhibu kwa umaskini wa mzazi. Ikimpa, waliotoa wanauliza kwa nini wao watoe. Vijiji vilivyofaulu vimelimaliza hilo kwa njia ya kienyeji: asiye na mahindi analeta kuni, au anapika zamu, au anachota maji, na jina lake linaandikwa kama la wengine. Hakuna teknolojia ndani yake, lakini inatimiza kazi ile ile ya bangili ya Nairobi, ya kumlinda mtoto asijulikane.

Brazil, ambayo Kenya na majirani zake wamekwenda kujifunza kwake, iliuandika mpango wake katika sheria mwaka 2009. Chakula cha shule za umma kikawa haki ya mwanafunzi, na angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za mpango huo zikatakiwa kununua chakula kutoka kwa wakulima wadogo. Wamebadilika marais wa mirengo inayochukiana, na watoto wapatao milioni 40 wameendelea kula. India ilipitia mahakamani: mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliamuru majimbo yote kuwapa watoto wa shule za msingi chakula kilichopikwa, na jimbo lililochelewa lilikuwa na jaji wa kujibu. Kwa mtoto wa Kenya, Kifungu cha 53 cha Katiba kipo lakini bado hakuna sheria inayosema shule ipate gramu ngapi, kutoka mfuko gani, kabla ya tarehe gani. Kwa hiyo Dishi na County, pamoja na majiko yake yote, inasimama juu ya utashi wa gavana na makadirio ya bajeti ya kila Juni. Gavana ana muhula. Watoto watakuwepo hata baada yake.

Zipo pia sahani ambazo mpango wa Nairobi haupeleki. Mathare, Mukuru, Korogocho na Kibra, sehemu kubwa ya watoto hawasomi shule za umma, kwa kuwa shule za umma ni chache au ziko mbali. Wanasoma shule ndogo za watu binafsi na makanisa, za mabati, zenye ada ya kulipa kidogo kidogo. Mtoto aliye kwenye shule ya namna hiyo hayumo kwenye orodha ya kaunti, ingawa nyumba yao imetazamana na ya jirani aliye na bangili. Na likizo zinakuja mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, ambapo majiko yote yanapoa na kila familia inarudi kwenye hesabu yake ya zamani.

Kenya imejiunga na muungano wa kimataifa wa chakula cha shule ulioundwa mwaka 2021 na imeahidi kulisha watoto milioni 10 ifikapo 2030. Ahadi hiyo inahesabika. Milioni 10 kwa shilingi 30 ni shilingi milioni 300 kwa siku. Kwa siku 180 za masomo ni bilioni 54 kwa mwaka. Kila mzazi akitoa shilingi 5 yake, zinapatikana bilioni 9, na zinabaki bilioni 45. Serikali iliyopanga kutumia zaidi ya trilioni 4 katika mwaka wa fedha wa 2025/26 ingezipata kwa takriban asilimia moja ya matumizi yake. Hadi sasa fungu la chakula cha shule katika bajeti ya taifa limekuwa la mabilioni machache, nalo hupanda na kushuka kulingana na jinsi Hazina Kuu inavyobanwa.

Shilingi 30 zenyewe ni bei ya mjini, pale gari linapotoka jiko kuu na kufika shuleni kabla chakula hakijapoa. Mandera shule inayofuata inaweza kuwa umbali wa nusu siku, barabara ni mchanga, na jiko kuu la mvuke haliwezi kuhudumia shule mbili zilizotengana hivyo. Huko lazima chakula kipikwe shuleni, kwa kuni, na mpishi anayestahili mshahara. Swali la nani atamlipa bado lipo.